Muulize Fundi: Nikiiwasha mimi inakubali, ikijiwasha yenyewe inagoma

Swali kutoka Kibirizi, Kigoma

Fundi, shikamoo. Mimi ni mhasibu kwenye stoo ya jumla ya mawese na dagaa hapa Kibirizi. Hesabu zetu zote ziko kwenye kompyuta moja ya mezani inayokaa stoo, inatumia mfumo wa Ubuntu. Kuna kijana alitufungia xrdp ili mimi nikiwa nyumbani Ujiji, na mwenye mali akiwa safarini, tuweze kuingia kwa mbali na kuona kilichouzwa. Tunapita kwenye VPN ya WireGuard, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, na kompyuta ya stoo ina anwani 10.8.0.2. Intaneti tunapata kwa rauta ya laini ya simu. Kazi inakwenda vizuri mno, mpaka umeme ukatike.

Umeme ukirudi kompyuta inawaka yenyewe, hilo kijana alilipanga. Lakini xrdp haiwaki. Inabidi nimpigie simu mlinzi, nimtajie herufi moja moja aandike sudo systemctl restart xrdp, na papo hapo inakubali. Siku hizi amekariri, hata simu simalizi. Nimeandika systemctl enable xrdp tena na tena, haisaidii. Nilisoma mahali kwamba niongeze network-online.target ili ingoje mtandao, nikaongeza, hali ni ile ile. Mpwa wangu akaniwekea sleep 60, yaani ingoje sekunde 60 kwanza, ikatulia kwa muda kisha ikarudia ugonjwa wake.

Kinachonishangaza zaidi ni hiki: nikiizima na kuiwasha kompyuta peke yake mchana, kuna siku inakubali na kuna siku inakataa. Ila umeme ukikatika haijawahi kukubali. Watu wananishauri nifute Ubuntu nianze upya. Na jambo dogo, sijui kama linahusu: baada ya umeme kukatika, risiti za kwanza asubuhi zinatoka na tarehe ya zamani, halafu baadaye inajirekebisha yenyewe.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Usifute Ubuntu. Kufuta na kupanga upya ni dawa ya mafundi wanaolipwa kwa siku, na hapa Tabora ninao majirani wa namna hiyo. Barua yako ina karibu kila ninachokihitaji. Laiti wote wanaoleta mashine hapa Ng'ambo wangekuwa wanaeleza hivi, badala ya kuziweka mezani na kusema "imekufa".

Tuanze na mlinzi. Akiandika amri, xrdp inakubali. Basi programu ni nzima na mipangilio yake ni sahihi. Faili la mipangilio lingekuwa na kosa, au poti, yaani mlango wake wa mtandao, ingekuwa imeshikwa na programu nyingine, angeandika mpaka kukuche na isingewaka. Na hiyo enable unayoirudia kazi yake ni moja tu: kuiandika huduma kwenye orodha ya zile zitakazoanzishwa kompyuta inapowaka. Ikishaandikwa imeandikwa. Uliza:

systemctl is-enabled xrdp

Itakujibu enabled. Kwa hiyo xrdp yako inaitwa kila mara, na inaitika. Inajaribu kuanza, inakosa kitu, inakata tamaa na kujizima. Mlinzi anapofika, kitu hicho kimeshapatikana.

Ni kitu gani? Siku umeme utakapokatika tena, mwambie mlinzi asiguse kibodi kwanza. Nenda mwenyewe stoo ukasome logi, yaani kumbukumbu za huduma, kabla hajairestart:

journalctl -b -u xrdp

Soma na /var/log/xrdp.log. Nitashangaa sana usipokuta kwamba ilijaribu kusikiliza kwenye anwani ikashindwa. Kisha tazama mstari huu:

grep ^port= /etc/xrdp/xrdp.ini

Kwa kawaida wa kwanza husomeka port=3389, yaani sikiliza kwenye anwani zote za kompyuta. Wa kwako, kwa jinsi ulivyoeleza, utakuwa port=tcp://10.8.0.2:3389. Maana yake xrdp isikilize kwenye anwani ya VPN peke yake, ili mtu aliyeunganika na rauta ya stoo asiweze hata kuuona mlango. Kijana wenu alifikiri vizuri, msimlaumu. Ila juu kidogo ya mstari huo, ndani ya faili lile lile, watengenezaji wa xrdp wameandika onyo kwamba anwani zote zilizotajwa lazima ziwe hewani wakati xrdp inaanza, la sivyo itashindwa kuanza. Onyo hilo kila mtu analipita mbio akitafuta mstari wa kubadilisha.

Sasa tuuangalie umeme unaporudi. Kompyuta na rauta vinaamka pamoja. Rauta inaigawia kompyuta anwani ya ndani mapema tu, lakini yenyewe bado inahangaika kuukamata mnara wa simu. Ubuntu inaona imepata anwani, inatangaza kwamba mtandao upo, na hiyo network-online.target uliyoongeza inahesabiwa kuwa imetimia. Ndiyo maana haikukusaidia: kupata anwani ya ndani na kufika intaneti ni vitu viwili, na yenyewe inangoja hicho cha kwanza tu.

Wakati huohuo WireGuard inataka kuamka. Fungua faili la /etc/wireguard/wg0.conf (wg0 ndilo jina la muunganiko wa VPN) uangalie mstari wa Endpoint. Kama seva ya upande wa pili imeandikwa kwa jina badala ya namba, wg-quick, programu inayoiamsha WireGuard, lazima kwanza iulize jina hilo lina namba gani, na swali hilo linahitaji intaneti. Ikikosa jibu, inarudia kuuliza bila kikomo, ndivyo huduma yake ilivyopangwa. Na anwani ya 10.8.0.2 haiwekwi mpaka jina lijibiwe. Kwa hiyo rauta inapozunguka kutafuta mnara, kwenye kompyuta ya stoo hakuna kabisa kitu kinachoitwa 10.8.0.2. Xrdp imeambiwa isikilize kwenye anwani ambayo haijazaliwa.

Hapo ndipo na ajabu yako ya mchana inapoeleweka. Ukiizima kompyuta peke yake, rauta inabaki inawaka na intaneti ipo, jina linajibiwa mara moja, na xrdp na WireGuard zinabaki zinakimbizana. Siku moja hii inatangulia, siku nyingine ile. Umeme ukikatika, rauta nayo inaanza upya na WireGuard haina nafasi ya kushinda. Ukiona huduma inakubali leo na kukataa kesho bila kitu kubadilishwa, usiihukumu huduma. Tafuta inakimbizana na nani.

Sleep 60 ya mpwa wako inasaidia siku ambayo rauta imepata mnara ndani ya sekunde hizo, basi. Sisi wa Tabora tunalijua hili kwa reli. Treni ya kutoka Dar es Salaam ikifika hapa hugawanywa, mabehewa ya Kigoma yakaenda kwenu na ya Mwanza yakashika njia yake. Kichwa cha Mwanza kikiondoka kwa kuwa saa imefika, bila kungoja treni ya Dar, kitafika Mwanza bila abiria. Sleep ni kuondoka kwa saa. Na kabla mpwa hajapata wazo la kuiongeza iwe sleep 120, ajue kwamba systemd, msimamizi wa huduma zote ndani ya Ubuntu, kwa kawaida huipa huduma sekunde 90 za kuanza. Zikipita inaiua.

Unachotaka ni xrdp ingoje WireGuard yenyewe. Kwanza hakikisha WireGuard imo kwenye orodha ya kuamka:

systemctl is-enabled wg-quick@wg0

Kisha andika:

sudo systemctl edit xrdp

Litafunguka faili. Futa mistari ya mpwa wako na ile ya network-online, uweke hii:

[Unit]
Wants=wg-quick@wg0.service
After=wg-quick@wg0.service

[Service]
Restart=on-failure
RestartSec=15

Andika juu, kwenye nafasi iliyoachwa. Kuna mstari unaosema kilicho chini yake kitatupwa, na kweli kinatupwa, kimya kimya. Wants inasema WireGuard nayo iitwe. After inasema xrdp isianze mpaka WireGuard imalize kuamka. Watu wengi huweka Wants peke yake wakadhani wamepanga foleni, kumbe wameita wote wawili kwa mara moja. Restart ni ya siku ambayo lolote lingine limeteleza: ikishindwa, ipumzike sekunde 15 ijaribu tena. Usiifanye RestartSec kuwa ndogo sana, maana huduma ikianguka mara tano ndani ya sekunde 10 systemd inaikatia tamaa, na utarudi kwa mlinzi.

Ukitaka kuona kama foleni imekaa sawa, andika systemd-analyze critical-chain xrdp.service. Utaona nani alimngoja nani na kwa muda gani. Na umeme ukirudi usishtuke ukikuta xrdp bado haijaanza kwa dakika kadhaa. Inangoja rauta, ndivyo tulivyoiagiza.

Kama seva ya upande wa pili ina namba isiyobadilika, iandike namba hiyo kwenye Endpoint badala ya jina. WireGuard itaweka anwani yake bila kuuliza mtu, hata rauta ikiwa bado haijapata mnara. Hili peke yake litapunguza sana ugonjwa, lakini foleni ipange vilevile.

Iko na njia nyingine, kuiachia xrdp isikilize kote kwa port=3389 halafu ukamwachia ufw, ukuta wa ulinzi wa Ubuntu, alinde mlango, aruhusu poti 3389 kwa wanaotokea wg0 tu. Amri ya kuruhusu ni hii:

sudo ufw allow in on wg0 to any port 3389 proto tcp

Ufw inakubali kanuni ya wg0 hata kabla wg0 haijakuwepo, kwa hiyo hakuna cha kungojana. Kwenye mashine yangu ningependa hii. Kwenye stoo yenye watu wanaoingia na kutoka, ambako siku moja mtu atazima ufw ili kichapishi kikubali na asikumbuke kuiwasha, siipendi. Baki na ya kwanza.

Nakuja kwenye risiti, uliyosema hujui kama inahusu. Inahusu, na nakuonya kwa sababu utakapomaliza ya juu, hii ndiyo itakayokuja kukusumbua. Kompyuta inayosahau tarehe umeme ukikatika ina betri ya ubao iliyokwisha, ile ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Saa ikirudi nyuma, WireGuard inaingia matatani kwa njia ambayo hutaidhania. Kila inapopeana mkono na upande wa pili hutuma na muhuri wa wakati, na upande wa pili unakumbuka muhuri mkubwa kuliko yote uliowahi kupokea. Ukija na muhuri wa zamani kuliko huo, unachukuliwa kuwa ni mtu aliyerekodi ujumbe wa jana anaurudia leo, na hujibiwi. Hakuna kosa linaloandikwa mbele yako. Xrdp itakuwa inawaka, anwani ipo, kila kitu kinasema active, na wewe Ujiji huingii. Kompyuta ikishapata saa sahihi kutoka intaneti, mambo yanafunguka yenyewe, na utabaki unajiuliza nani amerekebisha.

Amri mbili zitakuonyesha: timedatectl, utazame kama saa imelinganishwa, na sudo wg show, utazame mara ya mwisho kupeana mkono ilikuwa lini. Dawa ni betri mpya. Mafundi saa wanazo. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, badilisha betri, washa, kisha ingia kwenye mipangilio ya ubao (BIOS) uweke tarehe. Ukiwa humo humo kiangalie tena kile kipengele cha kuwaka umeme unaporudi, kwa sababu betri ikifa huenda mipangilio hiyo nayo ikarudi kama ilivyotoka kiwandani.

Rauta nayo ukiweza iwekee UPS ndogo, yaani betri ya akiba, zile za volti 12 zinazouzwa kwa ajili ya rauta. Haiponyi ugonjwa, ila itakupunguzia kungoja.

Kujaribu kama umepona, usitumie restart ya kompyuta peke yake, umeshaona inavyodanganya. Zima kompyuta kwa utaratibu, zima na rauta, kisha viwashe vyote kwa pamoja kama vile umeme ndiyo umerudi. Usichomoe waya kompyuta ikiwa inafanya kazi. Hesabu za mawese zikiharibika mwenye mali hatakuuliza habari za systemd. Na kwa kuwa umetaja mawese: yanayotufikia Tabora siku hizi yamechanganywa, sijui na nini. Gari likija huku unikumbuke.

Mlinzi ana nywila ya sudo ya kompyuta yenye hesabu zote za stoo. Mshukuru, kisha ibadilishe.

Swali kutoka Isevya, Tabora

Xrdp yangu inagoma hata nikiianzisha kwa mkono. Ilianza siku nilipowasha kipengele cha kuingia kwa mbali kwenye Mipangilio ya Ubuntu nikidhani naiongezea nguvu.

Jibu

Wewe ni kinyume cha ndugu yetu wa Kibirizi: wa kwako kuna aliyekalia kiti. Andika sudo ss -tlnp | grep 3389. Ukiona jina gnome-remote-de, likiwa limekatwa mwisho hivyo hivyo, hiyo ndiyo huduma ya Ubuntu yenyewe, nayo hutumia poti ile ile ya xrdp. Chagua mmoja. Kama unataka kuona skrini ile ile iliyo wazi mezani, baki na ya Ubuntu. Kama unataka kufunguliwa dawati lako jipya hata kama hakuna aliyeingia, zima hiyo ubaki na xrdp. Ukishikilia kuwa nazo zote, ihamishie xrdp poti 3390 kwenye xrdp.ini na ukumbuke kuitaja namba hiyo kila unapoingia.

Swali kutoka Kasulu, Kigoma

Fundi, mimi ni mwalimu. Nilibadilisha jina la kompyuta ya maabara, tangu hapo huduma ya VNC ya kuingia kwa mbali haiwaki kompyuta inapoanza. Cha ajabu, kwa kama dakika moja na nusu ya kwanza naweza kuingia, kisha ninatolewa na hali inasomeka failed. Kwenye faili la huduma kuna mstari PIDFile=/home/mwalimu/.vnc/maabara1:1.pid. Jina jipya la kompyuta ni maabara-a.

Jibu

Mwalimu, umeshajijibu ila hujajua. VNC inapoanza huandika namba yake ya utambulisho kwenye faili lenye jina la kompyuta, na sasa inaandika maabara-a:1.pid. Systemd imeambiwa ingoje maabara1:1.pid. Inangoja sekunde zake 90, haioni kitu, inaamua kwamba VNC haikuanza, inaiua na wewe ukiwa ndani. Badilisha mstari uwe:

PIDFile=/home/mwalimu/.vnc/%H:1.pid

Alama ya %H systemd itaijaza yenyewe kwa jina la kompyuta, hata ukilibadilisha tena. Kisha sudo systemctl daemon-reload, uianzishe. Faili la zamani la maabara1 kama bado limo kwenye .vnc, lifute.

Swali kutoka Urambo, Tabora

Nina Windows 11 Home. Kwenye Mipangilio sehemu ya kuruhusu watu waingie kwa mbali inaniambia toleo langu haliwezi. Kuna mtu ananiuzia programu ya kuifungua.

Jibu

Usinunue. Toleo la Home linaweza kuingia kwenye kompyuta nyingine, lakini halipokei wageni. Hilo limewekwa kwa Pro na matoleo ya juu yake. Programu za kulifungua kwa nguvu hugusa mafaili ya Windows yenyewe, na sasisho likija zinakufa peke yake au zinakufa pamoja na Windows. Lipia Pro, au tumia RustDesk, programu ya kuingia kwa mbali, ni ya bure na Home inaikubali. Ukiifunga weka nywila ya kudumu na uiruhusu ianze pamoja na Windows, usije ukaniandikia tena mwezi ujao na swali la Kibirizi.